Miligramu 5 si nusu dozi

Dhana: "Setirizini ilikuwa ya miligramu 10, hii levosetirizini ni ya 5, basi nameza viwili."

Hii nimeichoka. Ukimkataza mtu anakuonyesha namba kwenye pakiti, utadhani mfamasia hajawahi kuiona.

Ukweli ni kwamba setirizini, dawa ya mzio (aleji), ni mchanganyiko wa molekuli mbili zenye atomu zilezile, ila zimepangwa kinyume, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kidonge cha 10 kina miligramu 5 za huku na 5 za kule. Sasa, kipokezi cha H1, pale dawa inaposhika mwilini ili kutuliza mzio, ni protini, nacho kina umbo la upande mmoja, hakipokei kila anayebisha hodi. Molekuli moja hukaa barabara. Pacha wake hushika kwa nguvu pungufu mara 30 hivi, na hata akishika hadumu: kwenye vipimo vya maabara, nusu ya wale wazuri huchukua zaidi ya saa 2 kubanduka, ilhali nusu ya hao wengine wameshaachia ndani ya dakika 6.

Kwa hiyo karibu kazi yote ya kidonge cha zamani ilifanywa na zile 5. Kwenye levosetirizini, aliyeondolewa ni pacha mzembe. Ukimeza viwili umemeza dozi mbili, na usingizi ukikupitia ukiwa kwenye usukani, usiisingizie dawa. Mwenye figo dhaifu ndiyo asithubutu kabisa, maana dawa hii hutoka kwa mkojo. Esitalopramu na sitalopramu, dawa za sonona, nazo ni hivyohivyo: 10 ya esitalopramu huandikwa mahali pa 20 ya sitalopramu. Soma jina kwanza, namba baadaye. Nitalirudia hili mpaka nistaafu.

Dhana: "Pacha wa pili ni takataka siku zote."

Hapana. Kwenye ibuprofeni, dawa ya maumivu, mwili wenyewe hugeuza sehemu kubwa ya aina isiyotuliza maumivu ikawa ile inayotuliza.

Dhana: "Talidomaidi ingechujwa, wale watoto wasingezaliwa na viungo vilivyodumaa."

Dawa hiyo ya usingizi na kichefuchefu, iliyodhuru watoto tumboni mwa wajawazito walioimeza, ilianza kuondolewa sokoni mwaka 1961, na hadithi ya kuchuja pacha mbaya haijafa hadi leo. Hata ukimeza aina moja tupu, ikifika mwilini hugeuka kuwa nyingine ndani ya saa chache.

Dhana: "Hiyo 'levo' ya levothairoksini ni mbwembwe za kiwandani."

'Levo' maana yake ni kushoto, na tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, hutengeneza homoni yake, ambayo dawa hii huiziba pengo, kwa umbo hilohilo la kushoto. Umbo la kulia liliwahi kutumika kushusha lehemu, likaachwa kwa sababu ya madhara yake kwenye moyo.