Kwa nini uvimbe hujenga mfupa, na lini huanza kuubomoa

Mkono ukivunjika, baada ya saa chache huvimba, na ukiugusa unahisi joto. Wagonjwa wengi huniuliza dawa ya kuondoa uvimbe huo upesi. Nawaelewa, maana maumivu si mchezo. Lakini siku za mwanzo uvimbe ule uko kazini. Seli za kinga zilizokusanyika kwenye damu iliyoganda hutoa ishara ziitwazo saitokini, kama TNF na interleukini-6, na ishara hizo ndizo zinazoita mafundi wa kuunga mfupa. Panya wasio na vipokezi vya TNF, yaani protini za seli zinazoipokea ishara hiyo, wakivunjika mfupa, huchelewa kuunga.

Mafundi wenyewe ni seli ziitwazo osteoblasti. Zina jeni zilezile zilizomo katika seli za ngozi au ini. Tofauti ni jeni zipi zinasomwa. Msomaji mkuu ni protini iitwayo RUNX2. Mwaka 1997 ilibainika kwamba panya walioondolewa jeni yake huzaliwa na kiunzi cha gegedu tupu, bila mfupa, na hufa mara tu baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua.

Sasa tuingie ndani ya seli, kwa sababu hapa ndipo siri ilipo. Protini nyingine, NF-κB, hukaa nje ya kiini ikiwa imeshikwa na mlinzi wake, IκB. TNF inapogusa kipokezi kwenye utando wa seli, kimeng'enya humbandika mlinzi alama ya fosfati, naye huvunjwavunjwa. NF-κB ikishaachiwa, huingia kwenye kiini, hushika DNA, na jeni kadhaa huanza kusomwa. Yote haya huchukua dakika chache tu. Na miongoni mwa jeni zinazowashwa ni ya IκB yenyewe! Seli inapopokea ishara, papo hapo inaanza kutengeneza mlinzi mpya wa kuizima. Kwangu mimi hili ni jambo la kustaajabisha: ishara hii imeumbwa iwe fupi.

Taabu huanza isipokoma, kama katika baridi yabisi, pale kinga ya mwili inaposhambulia viungo vyake yenyewe. Mlinzi huvunjwa kila anapotengenezwa. TNF ya muda mrefu huifanya RUNX2 itiwe alama ya kuharibiwa, na usomaji wa jeni za kolajeni na osteokalsini, protini zinazounda mfupa, hupungua. Wakati huohuo huongezeka DKK1, protini inayozuia ujenzi, pamoja na RANKL, inayoita osteoklasti, seli zinazokula mfupa. Ujenzi umesimama, ubomoaji unaendelea. Mfupa ulio jirani na kiungo hulika, na sehemu iliyolika ni nadra kujijenga upya. Ugonjwa sugu wa fizi hulegeza meno kwa njia inayofanana na hii.

Ndiyo maana nawasihi wenye baridi yabisi wasiache dawa kwa sababu tu maumivu yametulia. Mfupa unaweza kuendelea kulika kimyakimya. Aliyevunjika naye atulize maumivu kama alivyoelekezwa, ila asijiongezee mwenyewe wiki kadhaa za vidonge vya kupunguza uvimbe kama diklofenaki. Vidonge hivyo huzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe, ambazo nazo husaidia mfupa kuunga. Kama maumivu hayapungui, rudi kwa daktari aliyekufunga plasta.