Kisukari: jina limetokana na kilichotoka, sio ulichokula

Jumapili nilikuwa msibani, mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu akakataa chai, akasema "mimi nina sukari, siigusi kabisa", halafu akaletewa wali sahani imejaa, viazi juu yake, na glasi ya juisi ya embe, akala vyote na roho yake imetulia kabisa kwamba anajilinda. Nilinyamaza kwa sababu ni mkubwa wangu, lakini hii kauli nimeisikia mara nyingi mno na inaniumiza, ngoja niandike.

Kisukari ni hali ya glukosi, yaani ile sukari inayozunguka mwilini, kubaki nyingi kwenye damu, aidha mwili hautengenezi insulini (homoni inayoitoa glukosi kwenye damu) ya kutosha au insulini ipo ila mwili hauitikii vizuri. Ukipima damu asubuhi hujala kitu ukakuta 7.0 mmol/L au zaidi, ukarudia siku nyingine ikawa vilevile, unacho. Maana yenyewe ndo hiyo.

Shida inaanzia kwenye jina. Watu wakisikia kisukari wanafikiri ni ugonjwa wa ile sukari ya kwenye kopo, kwamba ukilifunga kopo umemaliza. Kiswahili kina kawaida ya kuyapa magonjwa ki- mbele, tuna kifafa, kichocho, kipindupindu, na hiki nacho kikawa kisukari. Sasa jiulize hiyo sukari ilionekana wapi? Kwenye mkojo! Wazee wanakwambia mgonjwa akikojoa nje sisimizi wanajaa pale, na Wahindi wa kale waliona hivyohivyo wakauita madhumeha, yaani mkojo wa asali. Wagiriki wao waliangalia maji, mtu anakunywa anakojoa, anakunywa anakojoa, wakauita diabetes, kitu kinachopitisha tu kama mrija, na lile neno mellitus, lenye maana ya utamu wa asali, likaja kuongezwa baadaye kwa Kilatini. Mwaka 1776 daktari wa Liverpool aitwaye Matthew Dobson akaeleza alivyochemsha mkojo wa mgonjwa taratibu mpaka ukakauka, kikabaki kitu cheupe chengachenga, kukionja ni sukari, na majimaji ya damu ya yule mgonjwa nayo yakawa na utamu. Yaani kote huko, India, Ugiriki, Uingereza na kwetu, wanaongelea kilichotoka kwa mgonjwa. Kwenye majina hayo sahani yake haimo.

Sasa turudi kwenye sahani. Wanga ni glukosi zilizoshikana mkono mstari mrefu, ndo maana ulimi hausikii utamu. Chukua kipande cha mkate au muhogo wa kuchemsha, tafuna bila kumeza dakika moja mbili hivi, utausikia utamu unakuja wenyewe taratibu, hapo mate yameshaanza kukata ule mstari na tumbo litamalizia. Damu yote ya mtu mzima asiye na kisukari, kama lita 5, ina glukosi ya gramu 4 au 5 tu, kijiko kimoja cha chai! Halafu gramu 100 za unga wa sembe zina wanga karibu gramu 75, hapo chai yako hujaitia hata chembe.

Wengine wananiambia "mimi nakula dona". Dona ni nzuri, pumba na kiini vimebaki, sukari inapanda taratibu zaidi, ila wanga ni uleule na ukila mlima itapanda mlima. Asali nayo, jamani, asilimia kama 80 ni sukari, hata ikitoka Tabora kwa nyuki wasio na dhambi. Embe kipande na nyuzinyuzi zake ni tofauti kabisa na embe tatu zilizokamuliwa kwenye glasi moja. Ugali kiasi cha ngumi yako, mchicha au kabichi nusu sahani, samaki au maharage pembeni, na anza na mboga.

Na hili kosa lina upande wa pili ambao ni wa hatari kuliko wa kwanza. Shangazi yangu anachoma insulini, siku moja amechoma halafu chakula kikachelewa, akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki, mtu mmoja ameshika soda na mwingine anamzuia, "msimpe, ana sukari!" Kipimo kikasoma 2.8. Ikishuka chini ya 4 namna hiyo na mtu bado anaweza kumeza, sukari ndo anayoihitaji haraka, tulimkorogea sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji na baada ya robo saa akawa anauliza kwa nini wote tumemzunguka. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kwa hiyo mzee wangu wa msibani, na wewe dada uliyeniandikia kwamba ugali wa muhogo hauna sukari, nawaelewa, mnasema mnachosikia mdomoni. Tuseme tu hauna utamu. Kama una kile kimashine cha kupima sukari nyumbani, pima kabla hujala halafu pima tena masaa mawili baada ya kuanza kula, uniambie umekuta ngapi.