Je, wajua kwamba saruji inaweza kunyweshwa maji kutoka ndani?

Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji kikemikali, na ndiyo maana fundi hodari humwagilia ukuta mpya kwa siku kadhaa. Hata hivyo, katika mchanganyiko uliotiwa maji machache ili uwe imara zaidi, yaani chini ya takriban kilo 0.4 za maji kwa kila kilo ya saruji, vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno vilivyo ndani ya saruji, huziba upesi kiasi kwamba maji ya nje hayafiki mbali. Huko ndani saruji huendelea kutumia maji yaliyopo hadi vinyweleo hubaki nusu tupu, na maji kidogo yaliyosalia huvuta kuta zake zikaribiane. Saruji husinyaa na kupasuka hata ikiwa imefunikwa isipoteze unyevu wowote.

Mwaka 2001 watafiti wa Denmark, Ole Mejlhede Jensen na Per Freiesleben Hansen, walipendekeza kwamba maji ya akiba yawekwe ndani tangu mwanzo, yakishikwa na chembe za polima (dutu ya molekuli ndefu, kama plastiki) za jamii ile ile inayofyonza mkojo katika nepi za watoto. Kuongeza maji tu kusingesaidia, kwa kuwa maji huru huongeza vinyweleo na kudhoofisha saruji. Polima huyafungia maji kando wakati wa kuchanganya, kisha saruji inapoanza kukauka ndani, mvuto wa vinyweleo huyatoa taratibu pale pale yanapohitajika.

Kipimo chake kinataka uangalifu mkubwa. Polima hizi hufyonza maji safi mara mamia ya uzito wake, lakini katika maji ya saruji, yenye chumvi na kalisi nyingi, uwezo huo hushuka hadi makumi machache tu, kwa hiyo anayepima kwa maji ya bomba atakosea vibaya. Kwa kawaida hutiwa chini ya asilimia 1 ya uzito wa saruji, pamoja na maji ya ziada yanayolingana nayo. Kila chembe ikishatoa maji huacha tundu, jambo linaloweza kupunguza nguvu kiasi. Kwa hiyo chembe kubwa mno hazifai.

Kwa chokaa hali ni tofauti. Chokaa ya kawaida hugeuka jiwe kwa kupokea kaboni dioksidi kutoka hewani, na gesi hiyo lazima kwanza iyeyuke katika unyevu; lakini vinyweleo vikijaa maji, gesi haipenyi. Polima hapo ina faida ikiwa tu inadumisha unyevu wa wastani. Inafaa zaidi, kwa maoni yangu, katika chokaa inayoganda kwa maji, kwa sababu madini yake makuu, belaiti, huungana na maji polepole mno, kwa wiki na hata miezi, muda ambao hakuna fundi anayeweza kuumwagilia ukuta bila kukoma.