Mali kwa mali: chakula cha nyumbani kwa kazi ya mikono

Mali kwa mali ni biashara ya kubadilishana vitu moja kwa moja, bila fedha kupita katikati. Mama aliyetengeneza achari ya embe anampa msusi wa mikeka chupa kadhaa za achari, na mama anaondoka na mkeka. Hakuna noti iliyohesabiwa wala muamala wa simu uliotumwa, na wakiachana pale kila mmoja ameshalipwa.

Shuleni tulifundishwa kwamba hii ni biashara ya watu wa kale, iliyokufa fedha ilipoingia. Maelezo hayo yanaiacha dhana nusu. Mwanaanthropolojia wa Cambridge, Caroline Humphrey, aliandika mwaka 1985 kwamba hakuna jamii yoyote iliyowahi kuelezwa kuwa iliishi kwa mali kwa mali peke yake. Watu wamekuwa wakibadilishana vitu huku wakipeana zawadi, wakikopeshana na kutumia fedha pia, na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo.

Ugumu wake uko hapa: lazima kila upande ukitake kile alicho nacho mwenzake, na ukitake wakati huohuo. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alilieleza jambo hili mwaka 1875, lakini mfano wake ulio wazi kuliko yote umetoka kwetu, Ujiji. Mwaka 1874 msafiri Verney Lovett Cameron alihitaji chombo cha kusafiria katika Ziwa Tanganyika. Wakala wa mfanyabiashara Said bin Habib alitaka kulipwa pembe za ndovu, na Cameron hakuwa nazo. Mohammed bin Salib alikuwa na pembe, ila alitaka nguo. Nguo alikuwa nazo Mohammed bin Gharib, naye alitaka waya. Waya, kwa bahati, Cameron alikuwa nao. Akampa bin Gharib waya, bin Gharib akampa bin Salib nguo, bin Salib akampa wakala pembe, ndipo chombo kikapatikana.

Chakula na kazi ya mikono hukwepa sehemu kubwa ya ugumu huo, kwa sababu mara nyingi anayekosa kimoja ndiye anayetengeneza kingine. Tazama Wakisi wa Ziwa Nyasa. Wanaishi ufukweni, chini ya milima ya Livingstone, na rasi ya Ikombe karibu na Matema, wilayani Kyela, ndiyo inayofahamika zaidi. Mlima unashuka karibu hadi majini, kwa hiyo shamba la maana ni shida kupatikana. Jirani zao Wanyakyusa wana ardhi yenye rutuba inayotoa mpunga, ndizi na maharage. Wanawake wa Kikisi wakawa wafinyanzi: wanafinyanga, wanasugua chungu mpaka kinalainika, wanakitia nakshi za rangi nyekundu na nyeupe, kisha wanavichoma vyungu mahali pa wazi na kuvipakia kwenye mitumbwi kwenda sokoni. Mkulima hakuwa na chungu cha kupikia, mfinyanzi hakuwa na nafaka ya kupika. Siku hizi vyungu hivyo huuzwa zaidi kwa shilingi, na hufika hadi Mbeya mjini, lakini msingi wa soko lile ulikuwa chakula.

Bei ilipatikanaje? Katika sehemu nyingi za Afrika kipimo cha chungu kilikuwa chungu chenyewe. Mnunuzi hukijaza nafaka, mfinyanzi akaimimina nafaka kwenye kikapu chake, na chungu kitupu kikawa cha mnunuzi. Mimi naiona njia hii kuwa ya akili sana, kwa kuwa haihitaji mizani, wala bei ya mjini, wala mtu wa tatu. Chungu kikubwa kina kazi zaidi na kinaingiza nafaka zaidi, basi hesabu inajiendesha yenyewe. Hata hivyo haikosi upungufu. Chungu chenye upana na urefu mara mbili ya kingine huingiza nafaka mara nane, ilhali kazi yake haifiki mara nane ya kile kidogo. Chungu kidogo chenye nakshi nyingi kingemtia mfinyanzi hasara. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza: kijazwe hadi shingoni au hadi mdomoni, nafaka ifutwe juu au iachwe na kilele, iwe mahindi au maharage.

Mwenendo kama huo upo kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wahadzabe, ambao ni wawindaji, hupeleka asali na nyama kwa wahunzi wa Kidatoga, nao huwapa vichwa vya mishale na visu vilivyofuliwa kwa vyuma chakavu. Huko Kenya, wanawake wa Kikuyu walipeleka vyakula na vibuyu kwa Wamasai na kurudi na ngozi, na biashara hiyo iliendelea hata nyakati ambazo wanaume wa pande mbili walikuwa vitani.

Jambo linaloleta ugomvi kuliko bei ni muda. Mkeka wa ukindu unasubiri; mkate wa kumimina hausubiri. Ukindu hukaushwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu, kisha ukili hushonwa mpaka utokee mkeka, na yote hayo huchukua siku nyingi. Mpishi wa sambusa hawezi kuzikusanya sambusa zake mpaka zifikie thamani ya mkeka. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutumia chakula kinachokaa: achari, asali, samli. Ya pili ni chakula kupokewa kidogo kidogo, tuseme sahani kila Ijumaa kwa muda waliokubaliana, huku mkeka ukishonwa. Hii ya pili ni mali kwa mali iliyochanganyika na deni, na inafaa tu kwa watu wanaojuana. Mgeni asiye na makazi mjini hawezi kuifanya.

Tusiichanganye na zawadi. Uswahilini sahani ya jirani hairudishwi tupu: ikija na futari, inarudi na kitu. Lakini hakuna aliyepatana kiasi, na ukirudisha kidogo huwezi kudaiwa. Katika mali kwa mali mapatano hutangulia. Anayeficha biashara ndani ya zawadi, kwa kupeleka chakula kimyakimya kisha akadai kikapu, anamwonea mwenzake, maana hakumpa nafasi ya kukataa.

Kwa Waislamu kuna mpaka mwingine wa kujua. Mtume (S.A.W.) alitaja vitu sita, yaani dhahabu, madini ya fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, ambavyo vikibadilishwa jinsi kwa jinsi, yaani kitu kwa kitu cha aina ileile, lazima vilingane na vikabidhiwe papo hapo. Bilal alipotoa pishi mbili za tende hafifu kupata pishi moja ya tende nzuri, alikatazwa, akaambiwa auze zake kwanza kisha anunue zile nzuri. Tende kwa mkeka si jinsi kwa jinsi, na mkeka haumo katika vile sita, kwa hiyo kiasi ni mapatano ya wenyewe.

Sheria ya serikali nayo ina lake. Kenya na Tanzania Bara zote zina sheria ya uuzaji wa bidhaa inayotambua mauzo kuwa ni kuhamisha mali kwa bei ya fedha. Mabadilishano matupu hayamo katika tafsiri hiyo. Mapatano bado ni mkataba, lakini ile kinga ya ubora ambayo sheria hiyo humpa mnunuzi haiji yenyewe. Chungu kikivuja baada ya nafaka kuliwa, kudai ni kazi ngumu. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe kabla ya kukabidhiana: chungu kigongwe kwa kidole na kutiwa maji, achari ionjwe, na mkeka utandazwe wote, maana mshono mbovu hujificha kwenye sehemu iliyokunjwa.