Ufunguo wa grafu: uko wapi, na ni wa nani?

Ukichora mistari minne kwenye grafu moja, msomaji atataka kujua upi ni upi. Kisanduku kinachomwambia kwamba mstari wa bluu ni mashine ya kwanza na wa machungwa ni ya pili ndicho ufunguo, neno lile lile tulilolizoea kwenye ramani. Kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, huitwa `legend`, na wengi wetu husema tu lejendi. Kuutokeza ni kazi ya mstari mmoja wa kodi. Kuuweka mahali pake ndiko kunakomaliza mchana.

Mifano yangu ni ya Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu kwa lugha ya programu ya Python, aliyoianzisha John Hunter na iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2003.

Kuna vitu viwili vya kutenganisha kabla ya yote. `Figure` ni ukurasa mzima. Usipotaja ukubwa, unapewa inchi 6.4 kwa 4.8. `Axes` ni kiwanja kimoja cha kuchorea ndani ya ukurasa huo, pamoja na mihimili yake. (Jina hilo limewapotosha wengi: mhimili mmoja ni `Axis`, kiwanja kizima ni `Axes`, tofauti ni herufi moja.) Ukiandika `fig, axs = plt.subplots(2, 3)` (`plt` ni jina fupi la `matplotlib.pyplot`) unapata viwanja sita, safu mbili za vitatu vitatu, na `axs[0, 0]` ndicho cha juu kushoto. Njia ya zamani, `plt.subplot(2, 3, 1)`, huanza kuhesabu na 1, kwa hiyo ukizichanganya njia hizo mbili kwenye faili moja utajikuta umechora kwenye kiwanja cha jirani.

Sasa, kila ufunguo una mwenyewe. `ax.legend()`, ambapo `ax` ni kiwanja kimoja, hukusanya majina ya kiwanja hicho tu. `fig.legend()` hukusanya ya ukurasa mzima, na haijali kwamba yanajirudia: viwanja sita vyenye mashine nne kila kimoja vitakupa ufunguo wa mistari 24. Dawa ni kuchukua majina kutoka kiwanja kimoja, `handles, labels = axs[0, 0].get_legend_handles_labels()`, kisha kuyakabidhi kwa ukurasa: `fig.legend(handles, labels)`.

Dawa hiyo ina sumu yake, na mimi imenipata. Tuseme kwenye kiwanja cha tatu mashine ya pili haina data, na kodi inairuka. Matplotlib hugawa rangi kwa foleni, kwa hiyo mashine ya tatu inachukua rangi ya pili. Ufunguo, uliotoka kiwanja cha kwanza, bado unasema rangi hiyo ni ya mashine ya pili. Hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini, grafu itapendeza, na itakuwa inadanganya. Tangu siku hiyo rangi naigawa mwenyewe kwa jina, kwenye kamusi ndogo (`dict` ya Python, yenye jina na rangi yake) mwanzoni mwa faili, hata kama mistari ni miwili.

Swali la mahali ndilo linalochanganya zaidi. `loc`, kigezo cha `legend` kinachosema ufunguo ukae wapi, peke yake ni rahisi: unataja kona, na kisanduku kinakaa humo ndani ya kiwanja. Usipotaja kitu, thamani yake ni `"best"`, yaani programu inatafuta yenyewe mahali ambapo kisanduku kitagusana na data kidogo iwezekanavyo. Kwa kuchungulia haraka inafaa. Kwa ripoti inayochapwa kila wiki siipendi, kwa sababu data ikibadilika kisanduku nacho kinahama, na data ikiwa nyingi sana utafutaji wenyewe unachelewesha.

Ukiongeza `bbox_to_anchor`, maana ya `loc` inageuka. Fikiria unatundika picha ukutani. `bbox_to_anchor` ni msumari: inasema ni wapi. `loc` sasa inasema ni kona ipi ya kisanduku inayopigiliwa hapo. Vipimo ni vya kiwanja wala si vya data: (0, 0) ni kona ya chini kushoto, (1, 1) ni ya juu kulia. Kwa hiyo msumari ukiwa (1.02, 1) na `loc="upper left"`, kona ya juu kushoto ya kisanduku inakaa kidogo nje ya ukingo wa kulia, na kisanduku chote kinaning'inia nje ya kiwanja. Acha msumari palepale, badilisha tu iwe `loc="upper right"`, na kisanduku kinarudi ndani juu ya data. Watu hubadilisha namba mara kumi wakati kilichopaswa kubadilika ni kona. Pengo dogo linalobaki kati ya kisanduku na msumari ni `borderaxespad`. Ukiipa 0 linaondoka.

Kuutoa ufunguo nje hakuupi nafasi. Kwenye faili iliyohifadhiwa mara nyingi unatoka umekatwa nusu. `bbox_inches="tight"` ndani ya `savefig`, amri ya kuhifadhi picha, huurudisha, ila kwa kubadilisha ukubwa wa picha, na picha mbili zilizopaswa kupangwa ubavu kwa ubavu hazitalingana tena. Napendelea kuunda ukurasa kwa `layout="constrained"`, ambapo viwanja vyenyewe vinajibana kupisha. Kwa ufunguo wa ukurasa mzima, tangu toleo la 3.7 unaanza `loc` na neno `outside`, kama `"outside lower center"`, na nafasi inatengwa chini bila namba yoyote ya kubahatisha.

Viwanja vikiwa vitano kwenye mpangilio wa sita, kile kilichobaki ni zawadi. Zima mihimili yake kwa `axs[1, 2].axis("off")`, kisha uweke ufunguo humo katikati. Na kama viwanja havilingani ukubwa, `plt.subplot_mosaic` hukuruhusu kuchora mpango kwa herufi: mstari wa AAB na chini yake CCB maana yake B ni mrefu upande wa kulia, A na C ni vipana. Nukta huacha nafasi tupu.

Wanaotumia ggplot2, maktaba ya grafu ya lugha ya programu ya R, wanaepuka sehemu ya mahangaiko haya, maana huko rangi hufungwa kwenye safu ya data tangu mwanzo, na vijigrafu vya `facet_wrap` hushiriki ufunguo mmoja bila kuombwa.

Kwa mistari miwili au mitatu isiyopishana, mimi huuacha ufunguo kabisa na kuandika jina la kila mstari kwenye ncha yake kwa `ax.text`, kwa rangi ile ile ya mstari.