T-6 ilikujaje baada ya T-45?

Swali ninaloletewa kuliko yote kuhusu ndege za mafunzo za kijeshi ni hili: Marekani ilikwishafika T-45, mbona ikarudi kwenye T-6? Mimi hushughulika na historia ya majina haya, na kila namba inayoonekana kukosewa naianzia mahali pamoja: nani aliitoa, na lini?

Hadi 1948, Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na safu tatu za ndege za kufundishia marubani: PT kwa wanaoanza, BT kwa hatua ya kati, AT kwa waliobobea kidogo. Mwaka huo zikaunganishwa kuwa T peke yake, na ndege nyingi zikabaki na namba zake za zamani. Ndipo AT-6 Texan ikawa T-6, na AT-7 Navigator ya Beech ikawa T-7. Safu hiyo ikaendelea kupanda: T-28, T-33, T-37, T-38.

Jeshi la Majini nalo lilikuwa na utaratibu wake kabisa. Lenyewe liliandika aina ya ndege, kisha ni ya ngapi kutoka kwa mtengenezaji huyo, kisha herufi ya mtengenezaji. Chukua N3N. N ya mbele ni ndege ya mafunzo. N ya nyuma ni kiwanda cha jeshi hilo lenyewe kilichokuwa Philadelphia. Herufi ni moja, kazi ni mbili. Kwa utaratibu huohuo, Texan tuliyoitaja hapo juu, kwa wanamaji iliitwa SNJ: SN ni aina, J ni mtengenezaji, na kwa kuwa ilikuwa ya kwanza, namba haikuandikwa.

Mwaka 1962, Robert McNamara akiwa Waziri wa Ulinzi, majeshi yote yakawekwa chini ya mfumo mmoja, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. T2V SeaStar ya wanamaji ikapewa jina T-1A, T2J Buckeye ikawa T-2. Yaani safu mpya ilianzia chini, lakini ile ya zamani haikufungwa. Ikaendelea juu: T-41, T-42, T-43 (Boeing 737 ya kufundishia waongoza njia wa ndege), hadi T-45 Goshawk iliyotokana na Hawk ya Uingereza. Safu mbili, herufi moja, kwa wakati mmoja.

Miaka ya 1990 wakaifufua ile ya chini. Ikaja T-1A Jayhawk, halafu T-3 Firefly. Iliyofuata ilipaswa kuwa T-4. Wakaziruka 4 na 5 kwa makusudi ili ndege mpya iliyotokana na Pilatus PC-9 ichukue namba ya Texan wa zamani, ndiyo T-6 Texan II. Kwa hiyo hakuna aliyerudi nyuma. Ni safu nyingine, na ndiyo iliyozaa T-7A Red Hawk ya Boeing iliyopewa jina 2019. Ile ya juu nayo ingali hai. Cirrus SR20 za chuo cha Jeshi la Anga zinaitwa T-53A.

Kuruka namba kwa heshima ya ndege iliyofunza marubani wengi kiasi kile naafiki kabisa. Kurudia T-1A sikuafiki tangu mwanzo. SeaStar ilikuwa na jina hilohilo, herufi kwa herufi, na sasa nyaraka za ndege mbili zisizohusiana zinachanganyikana.

Nchi nyingine zina mantiki zao. Sweden huandika Sk na mara nyingi huazima namba ya ndege ya kivita yenyewe, hivyo Viggen ya mafunzo ni Sk 37. Italia huchukua namba ya kiwandani: M-346 ikawa T-346A. Japani ina T-4 na T-5, zile Marekani ilizoziruka, na ina T-7 yake ya kampuni ya Fuji.

Maana yake, faili lililoandikwa “T-7” bila nchi wala mwaka linaweza kuwa la ndege tatu. Picha ikiwepo, usitegemee mkia: ya Beech na ya Boeing zote zina mapezi mawili yaliyosimama nyuma. Tazama injini. Mbili za pistoni, moja kila bawa, ni Beech. Propela moja puani ni Fuji. Isiyo na propela ni Boeing.