Bundi wa Sokoke kwenye skrini: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitoka Malindi kuelekea Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa upande wako wa kulia. Humo anaishi bundi ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1965 tu, na mwaka uliofuata wakampa jina la Otus ireneae. Ni ndege wa kwetu hasa, na yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Vijana wa Malindi, Gede na Watamu wameanza kumchora kwa tableti na simu, kwa ajili ya fulana, mabango na kuta za shule. Nafurahi sana kuliona hilo. Kinachonisumbua ni kwamba wengi wanamchora bundi mwingine kabisa, halafu chini wanaandika jina lake. Mtoto anayeishi kando ya msitu huenda asimwone bundi huyu maishani mwake isipokuwa kwenye picha hiyo, kwa hiyo picha inapaswa kusema kweli. Haya hapa ndiyo ninayoyasikia yakisemwa, na majibu yangu.

“Bundi ni bundi, mchore tu mkubwa, mwenye kifua kipana.”

Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 hivi, na uzito wa gramu 50 hivi. Ni uzito wa yai la kuku. Ni miongoni mwa bundi wadogo kabisa barani Afrika. Ukimweka peke yake katikati ya turubai tupu, yaani eneo la kuchorea kwenye skrini, mtazamaji hana namna ya kujua hilo. Dawa yake ni kumpa kitu cha kupimia: kitawi chembamba anachokishika, majani yaliyo makubwa kuliko kichwa chake. Kichwa chenyewe kikae karibu na mabega, maana shingo huwa imefichwa na manyoya.

Vile vishungi viwili vya kichwani si masikio. Ni manyoya tu, na ndege huviinua au kuvilaza apendavyo. Masikio yake hayaonekani, yapo pembeni mwa uso chini ya manyoya. Huyu vishungi vyake ni vifupi, kwa hiyo ukivichora virefu kama pembe umeshahamia kwa bundi mwingine. Na uso wenye umbo la moyo, mweupe, ni wa yule bundi anayeishi kwenye mapaa na majengo ya zamani.

“Rangi yake ni kahawia, basi.”

Hapa ndipo pa kukaa na kutazama kwa muda. Bundi hawa wana sura tatu za rangi: wapo wa kijivu, wapo wa kahawia iliyokolea, na wapo wekundu wa kutu. Tofauti hiyo haitokani na umri, wala haimtofautishi jike na dume. Ndege huzaliwa nayo. Hukaa wawiliwawili mchana, wamebanana kwenye tawi moja, na inawezekana mmoja akawa wa kijivu na mwenzake mwekundu. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi, kwani picha moja inatosha kufundisha jambo ambalo wengi hawalijui.

Juu ya rangi hiyo ya msingi kuna mchoro mwingine: vidoa vidogo vya giza kifuani vyenye mistari myembamba kati yake, na mabegani msururu wa vidoa vyeupe vyenye ncha nyeusi. Wengi hupakua mtandaoni brashi ya manyoya iliyo tayari na kuigonga mwili mzima. Matokeo yake ni kitambaa, si ndege. Manyoya ya usoni ni mafupi na laini, ya kifuani yamelegea, ya mabawa ni marefu na yamenyooka, na yote hufuata mzunguko wa mwili. Mimi ningeshauri leya nne tu, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine: umbo, rangi ya msingi, vivuli, kisha vidoa. Leya za juu zifungwe kwenye umbo ili rangi isitoke nje ya mpaka. Vidoa vichorwe kwa mkono, kimoja kimoja, kwa brashi nyembamba. Ni kazi ya kuchosha, lakini hapo ndipo picha inapopata uhai.

Macho ni ya njano iliyofifia. Mboni zake hupungua kwenye mwanga na kutanuka gizani, hivyo bundi wa mchana mwenye macho meusi yote si sahihi. Na bundi huona mchana vizuri tu. Akifumba macho nusu, amepumzika na anajificha.

“Nyuma yake weka mwezi, minazi na jahazi, ndiyo Pwani.”

Pwani ni pana. Ndege huyu hakai minazini. Ndani ya Arabuko-Sokoke hakai hata kwenye miti ya mirihi inayoota kwenye mchanga mweupe; hupenda kichaka kizito cha miti ya Cynometra juu ya udongo mwekundu. Pia yupo msitu wa Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi, na Tanzania chini ya milima ya Usambara Mashariki, kwa hiyo si wa Sokoke peke yake ijapokuwa jina linasema hivyo. Mchana utamkuta chini chini, ndani ya matawi yaliyosongamana, mwanga ukimfikia vipande vipande.

“Kuchora bundi ni kukaribisha msiba.”

Mama na nyanya zetu walitulea na neno hili, nami siwadharau. Lakini huyu haji juu ya paa la mtu. Anakula wadudu wa msituni, kama mbawakawa na nyenje, na mlio wake ni filimbi nyororo, tu-tu-tu-tu, ambayo asiyemjua hadhani hata kidogo kuwa ni ya bundi. Kinachomwondoa ni shoka na tanuri la makaa.

“Bila aipadi huwezi.”

Unaweza. Krita ni programu ya bure kwa kompyuta, na ibisPaint inafanya kazi kwenye simu ya kawaida, hata kwa kidole.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni ukubwa wa turubai, kwa sababu picha ndogo ukiikuza baadaye haiongezeki undani, inavunjikavunjika tu. Kwa chapa ya A4, anza na pikseli 2480 kwa 3508. Simu ikilemewa, punguza leya, usipunguze turubai. Na kabla ya kutoa nakala nyingi, chapisha moja: wekundu wa kutu unaowaka kwenye skrini hufifia kwenye karatasi, na wakati wa kuurekebisha ni huo.